Zamu ya Mwisho ya Mvuke

…na sasa maji yamenyamaza tena, hivi punde alikuwa anayachota, nilisikia kata ikigonga ukingo wa ndoo, mawe yakalia kwa mvuke, halafu kimya, na mimi nimesimama huku kwenye chumba cha kuvulia nguo nimejifunga taulo, mkono kwenye kishikio cha mlango, kama mwizi katika sauna yangu mwenyewe, chumba changu cha kuogea mvuke, ameniambia, toka ukapoe, Mama, umeshaiva, mimi nabaki kidogo, akabaki, Tuire, mwanangu, tangu lini mtu akaoga zamu ya mwisho, zamu ya mwisho si ya watu, unamwaga kata moja juu ya mawe, unashukuru, unafunga mlango na kwenda zako, hivyo ndivyo mama yangu Eevastiina alivyotulea sote, ole wake atakayekutwa ndani wenyewe wakiingia, nasi tunauliza, wenyewe ni nani, Mama, naye anasema, wale waliooga humu kabla yenu, halafu anatupiga kofi kwenye matako yenye utelezi tukimbie nje tukicheka, lakini nilikuwa nikigeuka kutazama, nakumbuka, kila Jumamosi niligeuka… maana humu si kuoga tu, kwenye benchi hiyohiyo alipo Tuire sasa ndipo nilipozaliwa mimi, na ndipo mama alipowaosha wafu wa kijiji, alikuwa muoshaji, mimi ndiye nilikuwa namshikia taa na ndoo, mshike kwapani, anasema, usiogope, huyu hatekenyeki tena, na anazungumza nao wakati anawaosha, anawasema, ona shingo yako ilivyo chafu, Kustaa, ungekuja kuoga ukiwa hai, na mimi nikajifunza kumtazama mtu kwa namna ile, toka utosini mpaka unyayoni, polepole, nikitafuta palipoharibika… kimya bado, anapumua au hapumui, mlango huu mnene, marehemu mume wangu aliutengeneza usipitishe hata baridi ya Januari, sasa haupitishi pumzi ya mtoto, mtoto wa miaka hamsini lakini mtoto, mwenyewe ana binti anayefanya kazi Uswidi, yule anapiga simu kila Jumapili kuuliza, Bibi, Mama anakula, namwambia anakula, na kula anakula, tatizo si kula… walimkata Tuire tezi la shingoni majira ya baridi ya juzi, saratani, na jirani yangu Aune akaja na keki ya iliki akasema wanasema hiyo ndiyo saratani nzuri, kama ni lazima mtu apate, Tuire kwa sauti yake ile ya kukwaruza, uzi wa kovu bado mwekundu, akamjibu, basi Aune, tubadilishane, chukua hii nzuri, mimi nipe mafua yako, tukacheka mpaka kahawa ikamwagika, tulidhani yameisha, imekatwa, imeondoka, kumbe kuna vitezi vingine vidogo kama punje za mchele, vinakaa hapo nyuma, daktari alinichorea, nikaitikia kwa kichwa, sikuelewa, nilielewa tu kwamba vimekufa navyo, na vilikuwa ndivyo vinavyotunza chokaa mwilini, wao wanaiita kalsiamu, mimi naita chokaa, ikipungua midomo inakufa ganzi, vidole vinakusanyika vyenyewe kama mdomo wa ndege, moyo unaruka, mwezi wa tano ikamwangusha dukani, katikati ya mikate, amekakamaa mikono kifuani, na watu wakampita, wakampita, wakidhani amelewa, hapa kwetu mtu akianguka ni pombe, unageuza uso usimwaibishe, ndiyo heshima yetu hiyo, amelala pale anasikia viatu vyao, aliniambia, Mama, nilikuwa nasikia viatu, hakuna kilichosimama… ndipo nikamleta huku kwangu, na tangu hapo sijamwacha, nampa vidonge mkononi, nasimama nje ya choo, usiku naacha mlango wazi, na leo kwenye chakula cha mchana amesema, Jumatatu narudi kwangu Kuopio, nikamwambia haiwezekani, kwa ukali, kama kwa mtoto, akaweka uma chini akaniangalia, akasema taratibu, "Mama, unanitazama kama umeshanizika." Nikamwambia acha maneno hayo mezani. "Leo nitaoga peke yangu. Usiingie," akasema, na mimi nikaondoa sahani… usiingie, haya, siingii, lakini kimya kimezidi, hapa ndipo angekuwa anaanguka, sekunde hizi hizi, vidole vimejikunja, hawezi hata kushika ukingo, mawe yapo pale chini yanaunguza, na wao wamekuja, najua wamekuja, wamekaa kwenye benchi ya juu wote walionyooshwa humu, Kustaa na shingo yake, mama yangu amekunja mikono ya gauni, wanamtazama mwanangu, mama anamshushia macho toka utosini mpaka unyayoni, polepole, Mama, usimtazame hivyo, huyu si wako, huyu bado ana joto, acha macho hayo, ondoa… na macho yale nayajua, ndiyo haya, ni ya kwangu, asubuhi anapotoka chumbani nywele hazijachanwa ndiyo ninayomtazama nayo, toka utosini mpaka unyayoni, palipoharibika, tangu mwezi wa tano mpaka leo nimekuwa nikimuosha mwanangu akiwa amesimama jikoni anakunywa kahawa, nimemuosha kila siku, na yeye ametulia akaoshwa, ameniachia, maskini, mpaka leo mchana, ee Mungu wangu… hakuna mtu mle ndani ila yeye, wamo huku, wamejaa huku kwangu mimi na taulo langu… gogo limepasuka kwenye moto, ni gogo lile, halafu kimya kile kile, na huenda ameketi tu, kajiegemeza ukutani, macho kafumba, hakuna anayemtafutia kasoro, jasho linamtiririka kwenye kovu na hakuna anayelitazama kovu, ana vidonge vyake kwenye mfuko wa joho pale msumarini, anajua midomo ikianza ganzi afanye nini, aliniambia mara ngapi, na simu anayo, na sauti anayo ya kukwaruza lakini anayo, na Jumatatu ataanguka au hataanguka na mimi sitakuwapo, sitakuwapo, hilo nalimeza, linashuka vibaya lakini linashuka… bado hajamwaga maji, bado sijui, mlango umefungwa vilevile na mkono wangu uko palepale juu ya mbao, ila hauvuti, umekaa tu, kama unavyomwekea mtu mkono mgongoni akiwa anaongea na wengine, bila kumtaka ageuke.