Barafu kwa Muuza Kahawa

Kabla sijaeleza jinsi nilivyomnywesha baba yangu parachichi kwa hila, ni lazima ijulikane kwamba Mzee Waziri hakuwahi kupuliza kikombe cha kahawa. Kila alfajiri alijimiminia cha kwanza kutoka kwenye birika lake la shaba, kahawa ikiwa bado inatokota, akakinywa kama mtu anayekunywa maji ya mtungini. Wateja wake pale barazani, nyuma ya soko la Rumonge, walipuliza wote. Aliwatazama kwa huruma.

"Unaipuliza," angemuuliza mtu, "imekukosea nini?"

Kahawa yake ilikuwa nyeusi, yenye tangawizi ya kukohoza, na ilikuwa na sheria moja: iliyopoa ilimwagwa chini ya ukuta. Hakupewa mtu, hata kwa bure. Hata mbuzi wa jirani alikatazwa kuilamba.

Niliporudi konje kubwa, likizo ndefu, kutoka internati, shule yetu ya bweni kule juu milimani, nilikuta benchi za baraza zimeinuliwa na kuegemezwa ukutani. Baba alikuwa kitandani, shingo nyembamba kama ya kuku aliyenyeshewa. Mama alikuwa amekwisha kumpeleka Bujumbura. Daktari aliona uvimbe kooni, akakataza vya moto vyote. Vya baridi tu, vilivyo laini, kidogo kidogo. Halafu akamwita Mama kando kwenye korido, akamwambia yaliyobaki: hakuna cha kupasua, hakuna dawa ya kuuondoa, amrudishe nyumbani. Maadamu anakunywa, yupo. Siku akiacha kunywa, asimsumbue tena kwa safari.

Mama alinieleza hayo akichambua mchele, bila kuinua kichwa.

"Na anakunywa?" nikauliza.

"Maji, vijiko viwili, anasema amekwisha kushiba. Nimempa uji wa baridi, akaniambia yeye si mutoto wa kuachishwa ziwa. Anataka kahawa yake. Ya moto."

"Basi tumpe kahawa ya baridi."

Mama akasimamisha mkono juu ya ungo. "Sawa. Wewe utamwambia."

Jina langu ni Hadjara, jina la mama yake Baba, na ndiyo sababu yeye huniita mama. Shuleni nina majina mengine, mengi kati yake nimetunukiwa na direktrisi, mkuu wetu wa shule, baada ya mkasa wa chumvi kwenye bakuli la sukari la walimu. Sijisifu. Nasema tu kwamba, kwa kazi ya kumlaghai mzee mkaidi, familia haikuhitaji kuajiri mtu wa nje.

Lakini nilianza kwa uaminifu, nao uaminifu ukanishinda mara moja. Umeme kwetu huja unapojisikia, kwa hiyo frigo yetu, yaani jokofu, ni kabati la sahani. Barafu niliiomba kwa Hamidou, rafiki wa Baba, ambaye hupeleka samaki wa mukeke Bujumbura kwenye masanduku ya barafu. Alinivunjia pande kubwa kama tofali. Nililiponda kwenye kinu, nikalitia ndani ya chupa pamoja na kahawa kali iliyolala usiku kucha, maji ya mandarini, na asali, maana sukari siku hizo ilikuwa kitu cha kusimuliana tu. Nikatikisa mpaka povu likasimama. Kinywaji nilikipa cheo cha Gavana, nikakipeleka kwa glasi ya wageni.

Baba akaonja kwa ncha ya ulimi. Akafumba macho muda mrefu.

"Mama," akasema kwa ile sauti yake mpya ya kukwaruza, "humu ndani nani amemwogesha samaki?"

Gavana akastaafu siku hiyohiyo.

Baada ya hapo barafu ilitoka kwa jirani aitwaye Sikujua, mwenye kongelateri ya kugandishia na jenereta, siku ambazo mafuta ya jenereta yalipatikana. Nikatunga Kanali: parachichi lililopondwa, maziwa ya kopo, kahawa. Nikatunga Bibi Harusi: karanga za kukaanga zilizosagwa laini, maziwa baridi, iliki, kahawa. Shuleni kuna msichana ambaye simu yake imejaa video za vinywaji vya namna hii, vyenye matabaka kama keki, na nilivifuata kwa ibada. Vilikuwa vizuri. Ninajua, kwa sababu ni mimi niliyevimaliza vyote.

"Si kahawa hiyo," alisema Baba akigeukia ukuta. "Iliyopoa inamwagwa. Hiyo sheria niliitunga mwenyewe, nitaivunjaje?"

"Daktari amesema usipokunywa..."

"Daktari hauzi kahawa."

Mbavu zake sasa zilijichora kwenye shati. Mama aliacha kumbembeleza. Aliketi tu mlangoni, akitazama uani. Ndipo nilipoliteremsha birika.

Nililisugua kwa majivu mpaka likang'aa. Nikawasha makaa chini yake, nikalijaza maji na tangawizi tupu, nikaliweka chumbani, karibu na kitanda. Likachemka, mvuke ukapanda, harufu ya baraza ikajaa nyumba nzima. Nyuma ya pazia, ndani ya chupa ya termosi, alikuwa amejificha Kanali, mwepesi safari hii, baridi ya kuumiza meno. Nikamimina kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, kile chake. Nikatokea pazia likipepea, nikikihamisha kikombe kutoka kiganja hiki kwenda kile kama mtu anayeungua, huku nikisema *sss, sss* kwa meno.

"Angalia, Baba. Iko moto sana."

Alikipokea. Vidole vyake vikakizunguka na nikaona vimeshtuka kwa ubaridi. Akalitazama birika na mvuke wake. Akanitazama mimi, na nikatazama dari, kwa unyenyekevu niliojifunza mbele ya direktrisi.

Kisha Baba, ambaye maishani mwake hakuwahi kupuliza kikombe, akakipuliza.

Akapuliza mara ya pili. Akanywa, akisimama kila funda kulisukuma lipite, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Kikombe kilirudi kitupu.

"Imechemka sawasawa," akasema. "Murakoze, mama. Ahsante."

Mama alitoka kwenda uani akajifanya anaita kuku.

Siku zilizofuata tulifungua baraza chumbani. Alikuja Hamidou, akaja Pontiani, mwalimu aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, akarudi na Kiswahili cha kutukosoa sote. Nikawagawia kutoka kwenye termosi ileile, leo Kanali, kesho Bibi Harusi. Hamidou alipokea chake, akakaribia kukiangusha.

"Lakini hii si..."

"Ni ya moto," alisema Pontiani, macho yakiwa kwa Baba aliyekuwa akipuliza. Naye akapuliza chake, taratibu, midomo mbele, kama anayefundisha darasa. Hamidou akafuata. Wanaume watatu wakaketi wanapuliza barafu.

"Hamidou," Baba akasema, "unaipuliza, imekukosea nini?"

"Inaunguza, Mzee."

"Ulimi wa mutoto."

"Na wewe? Nakuona unapuliza."

"Mimi naisaidia tu."

Walicheka mpaka Baba akashikwa na kikohozi, na Mama akaja kumshika mgongo. Hakuna aliyesema anapona. Hata mimi, ambaye kusema uongo ndicho kipaji changu, sikulisema hilo.

Maana ubunifu wangu ulikuwa umegeuka kuwa kazi ya kupunguza. Karanga zilitoka kwanza, chembe zake zilikwama. Halafu parachichi likawa zito. Halafu maziwa, yalimletea makohozi. Iliki ikaondoka bila kuaga. Kikombe kikawa nusu, nusu ikawa kijiko, na kinywaji kikabaki kile alichokuwa akiuza tangu awali: kahawa nyeusi na tangawizi, ila na barafu ndani. Niligandisha kahawa yenyewe kwenye vijifuko vya plastiki, nikavunja vibanzi vyembamba kama kucha, akawa anaviacha viyeyukie ulimini. Hicho sikukipa cheo. Vyeo vilikuwa vimeniishia.

Alasiri moja Hamidou alikuja na barafu aliyoigandisha mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, ndani ya sufuria mpya yenye kifuniko.

"Hii haijawahi kuonana na samaki," akasema mlangoni. "Naapa."

"Mpe Mzee kwanza," akasema Pontiani.

Birika lilikuwa linachemka. Mama alikuwa amemwegemeza Baba kwenye mito, na alikuwa mwepesi hivi kwamba mito haikubonyea. Nikamimina, nikatokea pazia likipepea, kiganja hiki, kiganja kile, *sss, sss*. Nilifanya vizuri kuliko siku zote. Nikakiweka kikombe mikononi mwake na sikuachia mpaka nikahakikisha amekishika.

Akakipuliza. Sisi tukapuliza vyetu, tukimsubiri yeye atangulie, kama ilivyo adabu.

Akapuliza tena. Maji yalikuwa yamejikusanya nje ya kikombe, yakimdondokea kwenye shuka, tone kwa tone. Alikileta mdomoni, kikagusa midomo. Niliona koo lake likijaribu. Lilipanda kidogo, likasita, likarudi chini. Akakiteremsha. Akapuliza mara nyingine, kwa muda mrefu, pumzi ikitoka bila nguvu hata ya kutikisa mvuke, kama mvuke ungekuwapo.

Mama alikuwa anautazama ukuta.

"Bado ya moto, mama," akaniambia. "Iko moto sana leo. Iweke hapo. Iache ipoe."

Nikakichukua, nikakiweka juu ya kigoda karibu na kichwa chake. Barafu iligonga ukingo, ikatoa sauti ndogo.

Pontiani akakitua chake sakafuni, kimejaa. "Kweli," akasema. "Hata yangu inaunguza."

Hamidou akaifunika sufuria yake ya barafu. Akatua na chake.

Baba alifumba macho. Makaa chini ya birika yalikuwa yanazimika na hakuna aliyekwenda kuyachochea. Tukakaa pale, vikombe vimejaa mbele yetu, tukiisubiri ipoe.