Majina Kumi na Moja ya Ukoo wa Gergov

Nevena alikuwa na orodha mbili za majina, moja kwenye kompyuta ya ofisini na nyingine kwenye ya nyumbani, iliyokuwa na jamaa zake pia, na kwa miaka minne orodha hizo hazikuwahi kupatana. Ofisi yao, pale mjini Vidin, ilipeleka chakula cha mchana kwa wazee wanaoishi peke yao. Mzee akihama, au binti yake akibadilisha namba ya simu, Nevena aliandika ofisini akasahau kuandika nyumbani, au aliandika nyumbani akasahau ofisini. Mwisho Svilen, fundi wao wa kompyuta, akaweka programu ya kuzioanisha. Jina likiguswa huku, na kule linabadilika.

"Sasa una orodha moja tu," Svilen alimwambia. "Lakini ukifuta, angalia sana. Umefuta huku, umefuta na kule."

Nevena akamjibu kwamba yeye si mtoto mdogo.

Hayo yalikuwa ya vuli. Januari mahakama ikamaliza ndoa yake na Plamen Gergov, ndoa ya miaka kumi na tisa, na Plamen akaenda zake Varna kwa mwanamke ambaye mji mzima ulishamjua kabla ya Nevena. Jumapili iliyofuata Nevena alikuwa peke yake nyumbani. Aliosha vyombo, akapanga kabati, akakosa la kufanya, akawasha kompyuta. Aliandika neno Gergov pale pa kutafutia, yakajitokeza majina kumi na moja: Plamen, kaka zake, wake zao, binamu, shangazi wa Lom, na chini kabisa Stoyanka, mama yake Plamen. Akayachagua yote kwa pamoja, akafuta. Kikatokea kidirisha kikamuuliza jambo. Akabonyeza ndiyo. Moyo ukamtulia kidogo, akaenda kulala.

Stoyanka alikuwa kwenye orodha ile kwa njia mbili. Alikuwa mamamkwe, na tangu nyonga ianze kumsumbua alikuwa pia mmoja wa wazee wanaopelekewa chakula. Nevena mwenyewe ndiye aliyemwandikisha.

Jumatatu asubuhi karatasi ya dereva ilitoka kwenye printa ikiwa na majina arobaini na mawili badala ya arobaini na matatu. Dereva wao, mzee Rangel, aliijua njia yake kwa moyo. Akaja hadi mezani kwa Nevena akiwa na kofia mkononi.

"Binti, mamamkwe wako simwoni humu."

Nevena hakuinua macho. Neno mamamkwe lilimchoma. "Kama hayumo, hayumo," alisema. "Labda mwanawe amemchukua."

Rangel akavaa kofia yake, akaenda. Alijua yaliyompata Nevena na hakutaka kuchokoza. Jumatatu ikapita, na Jumanne nayo ikapita. Jumatano asubuhi Stoyanka, ambaye kwa siku mbili alikula kabichi iliyochachushwa pipani na mkate mkavu, alivaa koti akatoka kwenda dukani. Barafu ilikuwa imeganda mbele ya jengo. Jirani aliyempigia simu ofisi alisema mkono umevunjika juu kidogo ya kiganja, na kwamba yule bibi alilala chini karibu nusu saa kabla mtu hajamwona.

Nevena ndiye aliyepokea simu. Alipoiweka chini, alifungua orodha, akatafuta, hakuona kitu. Hapo ndipo alipokumbuka kidirisha cha Jumapili.

Mkuu wa ofisi, Bi Radosveta, aliitisha kikao siku hiyo hiyo. Jina limepotea, nani kalipoteza? Wote wakamgeukia Svilen na programu yake. Svilen alijitetea kwamba programu haifuti kitu pasipo mkono wa mtu, lakini alijieleza kwa maneno ya kifundi na hakuna aliyemwelewa. Bi Radosveta akasema mkataba wake utaangaliwa upya mwisho wa mwezi. Nevena alikaa pale akiandika kumbukumbu za kikao, na hata hayo akayaandika.

Ijumaa baada ya kazi alikwenda hospitali. Stoyanka alikuwa ameketi kitandani, mkono kwenye plasta, nywele hazijachanwa.

"Pole, mama," Nevena alisema. Hakujua amwite vipi vingine.

"Nishapoa. Keti." Bibi akamtazama. "Nilijua umenikata. Nikasema moyoni, ana haki. Mwanangu kamtenda vile, sasa mimi nile chakula chake kwa uso gani? Ndiyo maana sikupiga simu."

Nevena alitaka kusema ni mashine. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alikumbuka Rangel amesimama na kofia yake, akakumbuka alivyomjibu, akayameza. Angeweza kuapa kwamba hakukisoma kile kidirisha, ila kila alipojiuliza kama kweli hakukisoma, jibu lilikuja limechelewa. Na sasa huyu bibi alikuwa amemsamehe kosa la kukusudia, bila hata kuombwa.

"Sikuwa nimekusudia wewe," alisema mwishowe.

"Basi umekusudia nani?"

Nevena alichukua kitana. Alimchana nywele, akamfunga kilemba, akaondoka akilia kwenye ngazi.

Jumatatu aliingia kwa Bi Radosveta akafunga mlango, akasema yote: majina kumi na moja, kidirisha, na lile jibu alilompa Rangel. Alipewa barua ya onyo, na kompyuta yake ya nyumbani ikaondolewa kwenye orodha ya ofisi. Kisha akaenda kwa Svilen. Svilen alimsikiliza bila kuacha kufunga skrubu za mashine iliyokuwa mbele yake.

"Alhamisi na Ijumaa umepita mlangoni kwangu ukanisalimia," alisema. "Mke wangu kashaanza kuniulizia kazi mjini Sofia. Na wewe unanisalimia."

Nevena akaomba radhi. Svilen alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, na mpaka mwezi wa nne hakusema naye ila ya kazi tu.

Stoyanka alirudi nyumbani baada ya wiki moja. Jina lake lilirudishwa kwa mkono, pamoja na mtaa, ghorofa na namba ya jirani. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla gari halijatoka, simu ya ofisini hulia na Nevena huipokea.

"Bado nimo?" bibi huuliza.

"Umo, mama," Nevena humjibu, na kila mara huifungua kwanza orodha kuhakikisha.