Kisu Chenye Ndevu

Husni alikuwa mnoa visu wa Gitega, na ungemuuliza mwenyewe angekuambia hakuna mwingine. Alifunga jiwe la mviringo kwenye baiskeli, akaiwekea miguu ya chuma ili isimame, na akishakalia kiti na kuanza kukanyaga pedali, cheche ziliruka mpaka watoto wakapiga vigelegele. Umeme ukatike, mafuta yakosekane mji mzima, yeye hakuwa na habari. Kisu kikiwa tayari, alikijaribu papo hapo mbele ya mwenye kisu kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wake wa kushoto. Mkono huo ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga.

"Umeona?" angesema. "Wembe."

Lawama ilikuwa moja tu: ukali wa visu vyake haukudumu. Melania, mama mmoja aliyepikia wanafunzi kule Mushasha, alimwambia wazi bila kumficha. "Husni, kisu yako Jumapili inakata hata kivuli. Jumanne haikate hata tomati."

"Siyo mi, mama," Husni akajibu. "Ni chuma. Chuma ya siku hizi, alors, ni bahati nasibu."

Jibu hilo alilipenda. Alilitumia kwa wateja wengi, na yeye mwenyewe aliliamini.

Idi ya kuchinja ilipokaribia, mama yake mdogo alimpigia simu kutoka Muyinga. Mtaa mzima unatafuta mtu wa kunoa, alisema, watu wananolea visu kwenye ngazi za nyumba. Husni akapakia baiskeli yake juu ya gari, akaenda. Huko Muyinga alipewa nafasi kwenye baraza la Mama Shenaz, mjane wa Kihindi aliyeuza vitambaa. Mama Shenaz alizaliwa mjini hapo na baba yake pia, na alikuwa na sababu zake za kumkaribisha: kwanza alipenda watu wa kuzungumza nao, pili mwanamke anayesubiri kisu hakosi kushikashika kitenge.

Siku ya kwanza tu alikuja Zuena. Zuena alikuwa na jiko lake la brosheti, yaani mishkaki, pembeni ya soko, na harufu ya mbuzi wake ilikuwa imeshamtesa Husni tangu asubuhi. Alileta kisu kirefu chenye mpini wa mti. Husni akakinoa kwa madaha yote, akanyoa mkono kidogo, akamkabidhi. Zuena akatabasamu, akaenda zake.

Kesho yake alirudi, na tabasamu hakuja nalo.

"We kaka wa Gitega. Hii kisu imelala."

"Haiwezekane, dada. Umekata mfupa?"

"Nimekata kitunguu. Kitunguu na nyama. Kwenu Gitega kitunguu iko na mfupa?"

Mama Shenaz akacheka ndani ya duka. Husni akakinoa tena, safari hii akikandamiza kwa nguvu zaidi, cheche zikaruka kama za fundi wa kuchomelea. Siku iliyofuata Zuena akarudi. Na iliyofuata.

Jioni, nyumbani kwa mama yake mdogo, Husni alijaribu kumwelezea habari ya chuma cha siku hizi, lakini mama yake mdogo alikuwa na maelezo mengine.

"Msichana anakuja kila siku na kisu kimoja, na we unafikiria chuma?"

Husni akajikuta analala akiwaza. Asubuhi alivaa shati la kwenda msikitini na kujipaka mafuta, na Zuena alipotokea kwenye kona, kisu mkononi, moyo ulimruka. Akakohoa.

"Karibu, Zuena. Mi naona... bon, naona hii kisu siyo shida yenyewe."

"Shida yenyewe ni nini?"

"Labda unapenda tu kuja hapa."

Zuena alimtazama, kisha akatazama shati, kisha mafuta usoni. "Yooo! Mi niko na watu wanasubiri nyama, moto inazimika, na we unafikiria nimekuja kukuangalia?" Akachukua kipande cha kitambaa cha pamba kilichokuwa kimebaki juu ya meza ya Mama Shenaz. "Kinoe mbele yangu. Leo sitoki."

Husni masikio yalikuwa yanawaka moto. Akanoa bila kunyanyua macho, upande mmoja, kisha wa pili, akampa. Hakuthubutu hata kunyoa mkono. Zuena akakipangusa kisu kwa kile kitambaa, kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali. Upande wa kwanza kitambaa kiliteleza. Upande wa pili kikakwama. Nyuzi za pamba zikabaki zimening'inia kwenye ukingo wa kisu, zikitikisika kwa upepo.

"Hii ni nini?"

"Ni nyuzi."

"Naona ni nyuzi. Nini imezishika?"

Husni akachukua kisu. Akapitisha kidole gumba taratibu kutoka mgongoni kwenda nje, kama Zuena alivyopitisha kitambaa. Huku, laini. Akageuza. Huku, kitu kilimkwaruza, kitu kidogo mno, kama ukingo wa karatasi uliojikunja. Akakiinamisha kisu juani, na hapo, kwenye makali yenyewe, ukawaka mstari mwembamba kuliko unywele. Ulikuwa ni utepe wa chuma uliosukumwa na jiwe ukajikunjia upande wa pili, haujakatika wala haujanyooka. Miaka yote hiyo alikuwa akinyoa mkono wake kwa utepe huo. Ndio uliokuwa mkali. Ukiguswa na kitunguu, unalala, na kisu kinalala nao.

"Kumbe," akasema polepole. "Kumbe siyo chuma."

Mama Shenaz akatoka na miwani yake, akaangalia. "Hii kisu iko na ndevu," akasema. "Inyolewe."

Zuena akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Husni naye, aliyekuwa tayari kufa kwa aibu, akajikuta anacheka. Ajabu ni kwamba moyo wake ulikuwa mwepesi. Kama kosa lingekuwa la chuma, angefanya nini? Lakini hili lilikuwa la mkono wake, na mkono ulikuwa pale pale.

Kazi ikaanza. Kwanza akaukandamiza utepe kwenye jiwe ili uvunjike. Ukahamia upande wa kwanza. Akaufuata huko, ukarudi. "Unaifukuza kama panya," akasema Zuena, ambaye alikuwa ameshasahau moto wake. Husni akasimama, akafikiri. Kama kukandamiza ndiko kunakouzaa, basi dawa ni kutokandamiza. Akatoa jiwe dogo laini alilokuwa halitumii, akalilowesha maji, akapitisha kisu mara upande huu, mara upande ule, kila mara kwa uzito mdogo kuliko kwanza, mpaka mwisho kisu kiligusa jiwe kwa uzito wake chenyewe tu. Kisha akakivuta polepole, kama anayekata, kwenye ncha iliyokatwa ya kipande cha mti laini. Kwenye mti pakabaki vumbi la kijivu: ndio utepe uliokatika. Mwisho akafungua mkanda wake wa ngozi, Mama Shenaz akashika upande mmoja, akakipitisha kisu juu yake, mgongo ukitangulia na makali yakifuata.

Zuena akapangusa kwa pamba. Huku, ikateleza. Huku, ikateleza.

Akakimbia nacho jikoni kwake. Baadaye akatuma brosheti na ndizi ya kuchoma, bila neno lolote. Zilikuwa tamu.

Siku iliyofuata Husni alinoa na kunyoa visu vya mtaa mzima. Watu walimsifu. Lakini kila kivuli kilichopita kwenye kona kilimfanya anyanyue kichwa. Zuena hakuja. Wala siku ya pili. Kisu chake kilikuwa kinakata vizuri, aje kufanya nini?

"Umefanya kazi nzuri sana," alisema Mama Shenaz akikunja kitambaa. "Umejiharibia."

Idi ikaja, mbuzi wakachinjwa, Muyinga nzima ikanukia pilau. Jioni Husni akaenda kwenye jiko la Zuena, akasimama akiwa mikono mitupu. Hakuwa na kisingizio chochote. Alikitafuta njia nzima akakikosa.

"Kisu inakata?" akauliza.

"Inakata sana."

"Haijalala?"

"Haijalala." Zuena akageuza nyama. "Mi nilingojea ilale. Nimeitesa na mifupa, imekataa. Nikasema basi, huyu mtu wa Gitega atarudi kwao, lakini hata kuaga hapana?"

Husni akatafuta neno, akapata moja tu. "Nimekuja."

"Nimeona. Kaa kwenye benchi, hapo utaumizwa macho na moshi."

Akakaa. Alikaa mpaka makaa yakawa majivu, na waliyozungumza ni yao. Wiki hiyo hiyo mama yake mdogo akavaa vizuri, akanunua kitenge kwa Mama Shenaz, akaenda kwa kina Zuena kuposa. Walikubaliwa. Jambo pekee lililozua ubishi ni mahali pa kuishi, kwa sababu Husni alikuwa na wateja wake Gitega, na Zuena hakutaka kusikia habari ya kuacha jiko.

"Gitega watu hawale nyama?" akauliza Zuena mbele ya wazee wote.

"Wanakula," akasema Husni.

"Basi jiko inakuja na mi."

Aliyelia ni Mama Shenaz peke yake. Lakini alilia huku anawapimia kitambaa cha harusi, na alikipima kwa ukarimu.