Siku Tuliyokwenda Kumzika Benadetha

Benadetha nilimtambua kwa miguu. Geti la mwanangu Othmar ni la bati zito juu hadi chini, na mtu akibisha hodi mimi huona miguu tu, kwenye uwazi wanaopitia kuku wa jirani. Asubuhi hiyo miguu ilisimama, sauti ikanadi usipa wa Lituhi, dagaa wa ziwani kwetu, mkavu, usio na mchanga. Nikaona vidole viwili vya mguu wa kushoto vimeshikana kama maharusi.

"Wewe mwenye vidole vya ndoa," nikasema, "bado havijaachana?"

Miguu ikatulia. Likashuka goti, halafu jicho moja.

"Eme? Nilisikia umekufa."

"Niko Mbinga mjini. Tofauti ni ndogo."

Tulikaa dawati moja mpaka darasa la saba, yeye akinakili hesabu kwangu, mimi nikinakili kwake, ndiyo maana tulifeli wote. Kisha yeye akaolewa na mvuvi, mimi nikachukuliwa na Mmatengo, nikapandishwa milimani kuchimba ngoro, mashimo ya mashamba ya mahindi na maharage, na hatukuonana tena. Sasa mume wangu yuko makaburini na mimi niko kwa Othmar, kwenye nyumba yenye vigae, televisheni na kufuli.

Nisimsingizie mtoto. Kufuli nililitafuta mwenyewe. Mwaka jana nilishikwa na hamu ya ziwa, nikatoroka, na pale njia panda ya Kitai nikadandia lori la makaa ya mawe nikidhani linateremkia Lituhi. Mtu mwenye akili angetazama: lori tupu ndilo linalokwenda mgodini Ngaka, njia ya ziwani, lenye mzigo linatoka. Langu lilikuwa limejaa. Nikafika Songea mweusi kama sufuria ya msibani. Othmar alinifuata, hakunigombeza, akanunua kufuli. Tangu hapo nikitaja Lituhi anasema, "Mama, utapotea." Anasema kwa upendo, na upendo ule hauna ufunguo wa akiba.

Jioni ile nilimwambia nimempata Benadetha, nataka nikakae kwake kidogo.

"Mwambie aje yeye, Mama."

"Alikuja. Aliishia kwenye bati."

Akacheka, akaniongezea blanketi.

Benadetha alirudi siku ya gulio. Yeye alikalia ndoo upande wa barabara, mimi kigoda upande wa ndani, kama watu wanaoungama.

"Huyu mwanao anakuruhusu wapi?"

"Kanisani, nikiwa na mkewe Luisa. Hospitali, nikiwa na Luisa."

"Na msibani?"

Nikasogeza kigoda karibu na bati. Kwetu hakuna anayemnyima mtu msiba. Hata mfungwa huombewa ruhusa.

"Nani afe?" nikauliza.

"Mimi. Wewe ukifa utacheka."

Akampigia Othmar mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza, akajitambulisha kuwa ni wifi wa marehemu. Othmar akaja chumbani kwangu, akanishika mkono. "Mama, jikaze. Rafiki yako Benadetha ametutoka." Nikajifunika khanga usoni, maana kicheko kilikuwa kimeshafika, na mabega yakatikisika vizuri kabisa.

Tulichosahau, vikongwe wawili wapumbavu, ni jumuiya. Luisa ni mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa mtaani kwetu, na mwanajumuiya akifiwa haendi peke yake. Mimi nilidhani nitapandishwa basi na kimfuko changu. Asubuhi nikakuta Kosta ya kukodi imejaa akina mama waliovaa vitenge vya sare, debe la unga, maharage, mafuta, na Othmar ndani ya suti, ameomba ruhusa kazini.

Nikasema mguu unauma. Wakanibeba. Nikasema nimpigie kwanza wifi wa marehemu. Luisa akasema wafiwa hawasumbuliwi kwa simu. Wakanikalisha katikati, Luisa ubavu huu, Gertruda wa jumuiya ubavu ule, nisije nikaanguka kwa uchungu. Nyimbo za kuaga zikaanza kabla hatujatoka mjini.

Bati lilinifungia, lakini bati haliimbi. Tulipokunja Kitai nikawaza: nikisema ukweli sasa, wananirudisha, na Othmar hataniamini tena hata nikiumwa kweli. Nikinyamaza, tutafika. Nikasali rozari nzima nikimwomba Mungu Benadetha asiwepo nyumbani. Halafu nikaogopa, maana ombi la namna hiyo linaweza kujibiwa vibaya.

Gertruda akanifuta jasho. "Lia tu, Bibi. Usijibane."

Ziwa likatokea, pana, lile lile nililolililia mwaka mzima, nami nikafumba macho.

Kwa Benadetha hapakuwa na turubai wala kiti. Akina mama walishuka wakiimba, mikono kichwani. Yeye alikuwa kwenye kichanja, anageuza usipa. Akatutazama, akalitazama debe la unga, akafuta mikono.

"Karibuni. Poleni na safari."

"Tumeshapoa, mama," Luisa akasema. "Poleni na msiba. Mwili uko wapi?"

Benadetha akanitazama mimi. Mimi nikatazama ziwa.

"Ndio huu," akasema. "Umechoka kidogo, ila unasimama."

Wimbo ukakatika kuanzia mbele kwenda nyuma. Othmar alielewa kabla ya wengine. Niliona shingo yake ikivimba.

"Mama. Ingia kwenye gari."

Sikuingia. Mguu ulikataa, na safari hii ilikuwa kweli.

"Baba," nikamwambia, "nilipokuomba nije kumwona akiwa hai ulinipa blanketi. Alipokufa umenipa Kosta. Mimi ningefanyaje?"

Alitazama viatu vyake, vilivyojaa mchanga.

Aliyezungumza kwanza ni Gertruda, kwa sauti ndogo, akiuliza habari za unga. "Unga wa msiba haurudi nyumbani. Nani atalala nao?" Wote wakageuza nyuso. Kurudi nao ni kukaribisha kifo mlangoni. Basi wakatafuta mafiga, wakawasha moto, na muda si mrefu walikuwa wanabishana kuhusu chumvi.

Othmar alikuwa bado amesimama. Luisa, mkwe wangu niliyemhesabu askari wa gereza, akamvuta akae mkekani.

"Utaratibu unaujua, Baba. Mfiwa wa karibu haondolewi kabla tanga halijaanuliwa."

"Tanga gani? Hakuna aliyekufa."

"Basi tusubiri."

Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Kama alikuwa anatania, mpaka leo hajaniambia.

Walipokwisha kula na dereva kuanza kupiga honi, Othmar akaja akachuchumaa karibu yangu. Hasira ilikuwa imeshuka; kilichobaki ni woga wake ule ule wa kunipoteza.

"Mama, utakaa mpaka lini?"

"Mimi ni mfiwa tu, baba. Muulize marehemu."

Marehemu akasogeza sahani, akaomba aongezewe ugali.