Mafuta Kwenye Ngozi ya Muheme

Haya ninayoandika ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Nikiongeza hata punje moja ya uwele, nikose kivuli Dodoma nzima mwezi wa kumi, na anayeijua Dodoma ya mwezi wa kumi anajua kwamba hicho si kiapo cha mchezo.

Miaka ile ruhusa ilikuwa imeshatoka: anayetaka kuuza auze. Mitumba ilijaa, runinga ziliingia, na vyuo navyo vikaanza kunadi masomo kama nyanya. Chuo kimoja pale mjini kikatangaza kwamba mwanafunzi wa uhasibu anaweza kuchukua na kozi ndogo pembeni, Sanaa na Tamaduni za Dunia. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Shamila binti Shaban.

Baba yake, Mzee Shaban, alikuwa muuza makubadhi, mwana wa muuza makubadhi, mjukuu wa mtu aliyekuja na misafara kutoka pwani, miguu ikamvimba hapo hapo Dodoma, akaona ni ishara ya Mungu kwamba mahali hapa panahitaji viatu.

"Uhasibu nimeuelewa," Mzee Shaban alisema. "Hiyo ndogo ni ya nini?"

"Ya kuwajua watu wa dunia, baba."

"Watu wa dunia wanakuja dukani wenyewe. Kaa kwenye kiti, utawajua."

"Dukani wanaleta miguu tu, baba. Mimi nataka na vichwa vyao."

Mzee akatoa sharti lake. Akianguka hiyo ndogo, na kubwa basi. Atafunga vitabu, arudi kukaa nyuma ya meza ya duka mpaka apate mume. Shamila akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuliaga duka.

Mwalimu wa kozi hiyo, Yoramu, alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka linakata. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa huu: kila mmoja achague sanaa ya watu wasio wake, aifundishwe na wenyewe, kisha aionyeshe mbele ya mtahini atakayetoka mbali. Wanafunzi wakaikimbilia dunia. Sostenes, kijana wa Kibaigwa, akachagua maandishi ya Kichina, na wenyewe hakuwaona, akanakili yaliyokuwa ubavuni mwa chupa ya chai ya mama yake. Alijaza ukuta mzima wa bweni, hadi fundi mmoja Mchina wa barabara alipopita, akasoma, akacheka mpaka akakaa chini. Ukuta wote ulikuwa unasema: hakikisha kifuniko kimekazwa.

Zamu ya Shamila ilipofika, akasema, "Muheme. Ngoma ya akina mama wa Kigogo, kule Haneti."

Darasa likaangua kicheko.

"Nimesema dunia, Shamila," Mwalimu Yoramu akamkumbusha.

"Kwani Haneti iko wapi, mwalimu?"

Yoramu, ambaye mama yake mzazi alikuwa mtu wa upande huohuo, akajikuna shingo. "Haya. Lakini usimletee mtahini ngoma ya kupokelea wageni wa serikali. Ukileta hiyo, nakuangusha mimi kabla yake."

Kiongozi wa ngoma Haneti alikuwa Bibi Ruthu, mama wa kanisa, mwembamba, mwenye ulimi wa kuchoma. Shamila alipopiga magoti na shikamoo yake, Bibi Ruthu aliipokea, akamtazama viganja, akamkabidhi jembe.

"Nimekuja kujifunza ngoma, Bibi."

"Nimesikia. Karanga zangu nazo zimesikia, zinakungoja."

Ikawa ndiyo kawaida. Kila mwisho wa juma Shamila alipanda lori la kijana mmoja, Gerson, kwenda Haneti, akapalilia asubuhi, akafundishwa jioni. Muheme haupigwi kwa mkono wa kuombea chumvi. Unaibana ngoma mapajani, unainama kidogo, mikono inashuka kwa zamu, na huku nyuma wenzio wanakuitikia. Wiki za mwanzo alipoteza mapigo kila mara akina mama walipoanza kuimba. Alivimba vidole, akachubuka magoti, akarudi.

"Huyu wa mjini hachoki?" aliuliza Angelina, mpigaji mwenzao.

"Anachoka," Bibi Ruthu alisema. "Hajui tu kuondoka."

Viganja vyake vikakomaa hadi akawa anatoa kaa la moto jikoni kwa mkono mtupu, akimwashia jirani jiko huku wanapiga soga. Kwa hilo nimeshaapa huko juu, sirudii kuapa.

Wiki ya mtihani Bibi Ruthu alimkabidhi ngoma kubwa, ile inayoongoza, aende akafanyie mazoezi nyumbani. Hapo ndipo Shamila alipokosea, kosa ambalo angelifanya mtoto wa muuza makubadhi peke yake. Aliitazama ngozi, akaiona imekauka, imekakamaa. Katika nyumba yao ngozi iliyokakamaa ilikuwa aibu ya familia. Jioni, kwa mapenzi kabisa, akachukua mafuta ya alizeti na kitambaa, akaipaka na kuisugua mpaka ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Asubuhi ya mtihani wingu lilitanda. Mtahini, bwana mmoja mwenye mkoba, alikuwa amekwisha kaa ukumbini. Mzee Shaban naye alikuja, akakaa karibu na mlango, kanzu safi, uso wa mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, sikusimuliwa. Lori la Gerson likaingia uwanjani na akina mama wa Haneti juu ya magunia. Bibi Ruthu akashuka, akaigonga ngoma kwa kidole.

Ikatoa sauti ya mtu anayepiga mto wa kulalia.

"Umeifanya nini?"

"Nimeipaka mafuta, Bibi. Ilikuwa imekauka."

"Umeipaka mafuta," Bibi Ruthu akarudia taratibu. "Mwanangu, ungeitia na chumvi kabisa tuile."

Angelina akasema iwashwe moto, ngoma ikaangwe hadi ngozi ikaze. Mlinzi wa chuo akasema moto ni marufuku ndani ya uzio, na jua siku hiyo halikuwa na mpango wa kutoka. Bila ngoma kubwa zile ndogo hazianzi. Mwalimu Yoramu akatoka ukumbini, akamwambia Shamila kwa huruma, "Naweza kukuombea urudie mwakani."

"Mwakani nitakuwa nyuma ya meza nauza viatu, mwalimu. Mwombe mtahini anywe chai."

Akaibeba ngoma hadi mlangoni alipokaa baba yake, akaiweka miguuni pake.

"Baba, kubadhi likimwagikiwa mafuta ya taa, unafanyaje?"

Mzee Shaban alivuta kanzu yake isiguse mafuta. Alitazama kando. Lakini ngozi ilikuwa mbele yake, imelowa, imelegea, na mtu hawezi kuzaliwa mara tatu katika ngozi halafu akaiacha hivyo.

"Chokaa," akasema mwisho. "Chokaa kavu na joto. Si joto la moto, litaichana. Joto la mgongo wa mtu mwenye homa."

Shamila alikuwa amekwisha ondoka. Aliingia darasani, akakusanya chaki zote na vumbi lake lote chini ya ubao, akazisaga kwa chupa, akaisiliba ngozi hadi ikawa nyeupe. Kisha akamgeukia Gerson.

"Kaka, lori lako lina homa?"

"Tangu nilinunue," Gerson akasema.

Wakaipandisha ngoma juu ya boneti, uso chini. Shamila akapanda nayo, akaishika. Kila chaki ilipolowa mafuta aliifuta, akapaka nyingine, akairudisha. Moto wa injini ulimpanda magotini, hakushuka. Mtahini alikunywa chai yake, akaletewa ya pili. Mzee Shaban akainuka mlangoni, akaja polepole, akaiinua ngoma, akaibonyeza ngozi kwa dole gumba.

"Bado," akasema. Baadaye kidogo akabonyeza tena. "Sasa. Ikibaki zaidi itapasuka."

Shamila aliingia ukumbini na suruali chini ya kanga mbili, chaki hadi nyusi, akaibana ngoma. Pigo la kwanza lilitoka zito. La pili likatoka safi. Bibi Ruthu akaanzisha wimbo, akina mama wakamfuata, na safari hii hakupotea. Walipomaliza, mtahini alifungua mkoba, akaufunga.

"Wewe ni mtoto wa mji huu," akasema. "Inakuwaje unawaita hawa watu wasio wako?"

"Nimewavisha viatu tangu nina akili," Shamila akajibu, bado anahema. "Sikuwahi kujua wanapoimba hivi wanamcheka nani. Sasa najua. Wanatucheka sisi wenye duka."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Shaban akakohoa kikohozi kirefu chenye kicheko ndani yake. Alama ikatoka nzuri, na uhasibu ukaendelea.

Na ngoma ile, jamani, sauti yake ilifika Kibaigwa. Madalali waliacha kubishana bei, mahindi yakacheza ndani ya magunia mpaka mishono ikafumuka. Nayaandika haya kwa sababu nilikuwepo pale sokoni, gunia moja lilinifumukia miguuni.

Hivyo ndivyo nilivyowasomea wenzangu jana kibarazani, tunakokutana sisi wastaafu. Joha, anayetuuzia kahawa, akaliweka birika chini.

"Babu, ulikuwa dirishani chuoni, au ulikuwa Kibaigwa?"

"Nilianza dirishani," nikasema. "Halafu nikapata lori."

"Lori la nani?"

Aliyeuliza hivyo alikuwa Gerson mwenyewe, ana mvi siku hizi, amekaa mwisho wa benchi. "Maana langu lilikuwa na ngoma juu ya boneti."

Benchi zima likanigeukia. Nikamwambia Joha amimine, kahawa kwa kila mtu na kashata juu yake, nalipa mimi. Gerson alipomaliza kikombe chake akakisogeza tena mbele, akasema hicho kingine ni cha lori.