Tundu kwenye Paja la Canelo

Mbwa wangu Canelo alilamba paja lake wiki nzima, mpaka manyoya yakanyonyoka na mkeka ukanuka mate. Nikimsikia akilamba, niliiacha arepa, mkate wangu wa mahindi, sahanini.

"Tabia mbaya tu hiyo, mwanangu," alisema mama mkwe, Doña Eduvina. "Mpake pilipili aache."

Nikampaka. Canelo alilia sana, kisha akaendelea kulamba.

Nikampeleka kwa Nohemí, daktari wa mifugo hapa mjini kwetu Mompox, Kolombia. Alitenganisha manyoya, akanionyesha tundu dogo linalovuja usaha. Ndani yake kitu kilicheza.

"Buu la inzi," alisema. "Mbwa hajilambi hivi bure, dada. Huwa ni viroboto, au mzio, au maumivu, au hata upweke. Na huu wekundu?"

"Pilipili," nilisema kwa sauti ndogo.

Alipaka mafuta mazito juu ya tundu ili buu likose hewa, tukasubiri, kisha akalivuta kwa kibano. Lilitoka polepole, nene, jeupe, lina miiba midogo, likijinyonganyonga. Nilitapika kwenye beseni lake.

Kidonda kiliposafishwa, Canelo aliulamba mkono wangu. Nilijiona mchafu kuliko lile buu.