Shauri la Mguu wa Furaha

Msiniambie mimi habari za baraza. Nilishakaa chini kwenye mchanga wa boma la Morogoro enzi za Mdachi, nikasikia kwa masikio yangu haya mume wangu akisema kweli tupu, na kweli hiyo ndiyo iliyotumaliza. Tena hatukwenda kugombea mali ya mtu. Tulikuwa tunaomba kishamba cha tambarare, basi, mahali ambapo mtoto wangu Furaha angeweza kukaa chini akalima.

Nyie mliokulia mjini hamwezi kuelewa kwa nini tambarare. Kwetu Kinole shamba limesimama wima. Ukiangusha chungwa, ulifuate mtoni. Tunalima tumeuegemea mlima, mguu mmoja umekunjwa juu, mwingine umekita chini, na mtu wa mguu mmoja hapo halimi, anaporomoka.

Furaha alikuwa na yake miwili, mizima, myepesi kuliko yangu. Alikuwa mwari wa kuolewa wakati wowote, na mdomo alirithi kwangu. Siku hiyo tulishusha ndizi mjini, mimi na yeye, njia nzima ananitania kwamba natembea kama bibi harusi. Tumefika Mwembesongo, mikungu kichwani, tukasikia nyuma yetu pukupuku, pukupuku, pukupuku. Siku hizi mnaiita pikipiki. Wakati ule sisi tuliijua moja tu, ya mlowezi mmoja mwenye shamba la pamba kule bondeni, mtoni Ngerengere. Jina lake lilitushinda ulimi, kwa hiyo tukamwita Bwana Pukupuku. Watu walishajua kwamba ukisikia mlio ule unaruka pembeni kwanza, maswali baadaye.

Mimi niliruka. Furaha naye aliruka, lakini yule bwana hakuwa anatazama mbele. Mbwa walikuwa wanamfukuza, naye amegeuza shingo anawatukana. Akamfuata mtoto mpaka ukingoni mwa barabara, kwenye majani, akamgonga, na lile dude likamlalia mguuni likiwa la moto, linanguruma. Akainuka. Akafuta miwani yake. Wallahi, kitu cha kwanza alichokagua ni gurudumu! Halafu ndipo akanitazama mimi, nimeshamshika mwanangu kichwa, akasema, "Kwa nini hamwangalii njia?" Akaliinua dude lake, akawasha, akaondoka.

Dakta wa boma alifanya alichoweza. Aliukata mguu chini ya goti, na kidonda kilipopona tukamrudisha Furaha mlimani, baba yake amembeba mgongoni kutwa nzima. Hakuwa mtoto wa kulialia. Lakini kila asubuhi alikaa mlangoni akitutazama tunapanda shamba, na ule mdomo wake wote ukamkauka. Siku moja alijaribu kutufuata na fimbo. Tulimkuta chini ya migomba, amejaa tope, mkono umechunika, anacheka. Nilichukia kile kicheko kuliko kilio.

Hapo kaka yangu Stambuli akasema sasa basi, twende tukadai.

Hapa mnisikilize vizuri. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anazaa, analea, anapenda, lakini mwenye mtoto ni mjomba. Mtoto akiumizwa, anayesimama kudai ni mjomba, na baba anakaa nyuma, amenyamaza. Akiulizwa, anasema, "Si wangu, ana wenyewe." Ndiyo adabu. Mwanamume anayejitutumua "mtoto wangu, mtoto wangu" mbele ya shemeji zake, watu wanamtazama kama mwizi. Mume wangu Ahmadi hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa adabu mpaka inaudhi.

Na tambarare tuliyoitaka haikuwa ya kuokota. Lile bonde lenye pamba lilikuwa la ukoo wetu, bibi yangu alilima mpunga pale, hata Mdachi hajaja. Stambuli alisema, "Hatutaki rupia zake, zitaliwa ziishe. Atumegee kipande pale pale, Furaha apige jembe akiwa amekaa, ale jasho lake mpaka kufa kwake." Nikaona kaka yangu leo amesema neno. Furaha mwenyewe alipolisikia, aliuliza kama kule bondeni mihogo inakubali. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza jambo tangu mguu ukatwe.

Tukashuka. Ahmadi mgongoni ana mtoto, Stambuli mbele ana kanzu yake ya Idi, mimi nyuma na chakula. Bomani karani mmoja wa pwani akatuambia Mzungu hashtakiwi na mtu mweusi kwenye baraza lile, lakini tukiomba kwa upole, bwana mkubwa anaweza kutusikiliza. Haya, tukaomba kwa upole. Siku ya baraza tukakaa mchangani. Bwana Shauri, yule Mdachi mkubwa wa boma aliyeamua kesi, mezani, na Bwana Pukupuku kando yake, kwenye kiti, amekunja nne. Mshtakiwa amekaa kiti, mwenye mguu uliokatwa amekaa chini! Nikajiambia, Mosi, funga mdomo wako.

Stambuli alisimama akaeleza yote, mbwa, barabara, mguu, na kile kipande cha bondeni. Alisema vizuri kaka yangu, hata karani aliacha kuchokoa meno. Bwana Shauri alikuwa anakijua Kiswahili, tena cha ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Nilimbana Furaha mkono. Akaniminya na yeye.

"Sawa," akasema Bwana Shauri. "Wewe ndiye baba wa mtoto huyu?"

"Hapana, bwana mkubwa. Mimi ni mjomba wake."

"Sikuulizi mjomba. Fidia ya mtoto hupewa baba. Baba yuko wapi?"

Watu wakageuka. Ahmadi alikuwa nyuma kabisa, amechuchumaa ukutani, mahali pa baba. Wakamwita mbele. Alikuja ameshika kofia mkononi.

"Huyu ni mtoto wako?"

Ahmadi akamtazama shemeji yake, akainamisha kichwa. Akajibu kwa heshima zote, kama baba yake alivyomfundisha. "Si wangu, bwana. Ana wenyewe. Wenyewe ndio hao."

Karani akacheka puani. Bwana Shauri akauliza tena, polepole, kama anaongea na kiziwi. "Nakuuliza, mtoto huyu ni wako, au si wako?"

"Si wangu, bwana. Ni wa wajomba zake."

Nikainuka. "Bwana, ni yeye aliyemzaa! Ni mume wangu huyu, hapo anakujibu kwa adabu tu!" Askari akanikalisha kwa bega. Mwanamke hajaulizwa, akasema. Nikamsikia karani anasoma kwa sauti anachoandika, kwamba mtoto baba yake hajulikani. Mtume wangu! Mimi, Mosi, niliyeolewa kwa ndoa ya halali, mwalimu na mashahidi wamekaa, wali umeliwa! Hajulikani! Bwana Pukupuku akasema neno kwa Kidachi, wakacheka wawili, na tukaambiwa turudi kesho kusikia hukumu.

Jioni ile tulikaa kwa binamu yetu Mwembesongo, hakuna aliyegusa ugali. Ahmadi alikuwa anasema neno lile lile, "Nilisema kweli, Mama Furaha. Nilisema kweli." Stambuli alikuwa ananyonga shanga za tasbihi yake mpaka nikadhani zitakatika. Mwishowe akasema, "Shemeji, kesho mwambie ni wako."

Ahmadi akashtuka. "Mbele yako?"

"Mbele yangu. Mimi mwenyewe nimekuruhusu. Wazungu hawa hawamjui mjomba, wanamjua baba, basi wape baba. Sema ni wako, mtoto apate shamba lake. Mimi nitatazama pembeni."

Hamjui kaka yangu alitoa nini pale. Ahmadi alilijua, akalia.

Asubuhi wakatuita. Ahmadi hakungoja kuulizwa. Alikwenda mpaka mbele ya meza, akasimama wima, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu. "Bwana mkubwa, Furaha ni mtoto wangu. Ni mimi niliyemzaa. Ni wangu." Furaha alijifunika uso kwa kaniki. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na mimi, nikiwa mama, nilijua kwamba hakuwa analia kwa huzuni.

Bwana Shauri akamgeukia. "Jana nilikuuliza mara mbili, ukakana mara mbili. Leo umesikia kuna fidia, umekuwa baba. Nani alikufundisha?"

"Hakuna, bwana. Jana ilikuwa desturi."

"Jana ulisema uongo, au leo?"

Jamani, mtu ajibu nini hapo? Stambuli akaruka mbele kueleza, wakamsukuma. Alieleza hivyo hivyo anasukumwa, habari za ukoo, za mjomba, za heshima, na Bwana Shauri akainua mkono kuwa imetosha, yeye hakukaa pale kusikiliza hadithi za milimani. Mtu anayeidanganya serikali dawa yake inajulikana. Hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano.

Walimlaza pale pale uani. Kiboko kile sitaki kukieleza. Niseme tu kwamba Furaha aliita "Baba! Baba!" kila kilipotua, mpaka sauti ikamkauka, na karani alisema kwa mwenzake kuwa watu hawa wamefundishana kuigiza.

Halafu ndiyo hukumu ikasomwa, na ajabu ni kwamba Bwana Shauri aliisoma kwa sauti ya huruma. Alisema mtoto huyu ni kilema, hana baba, na watu wake ni waongo, kwa hiyo serikali itamtazama. Bwana mwenye pikipiki amekubali, kwa moyo wake mwema, kumchukua shambani kwake. Atampa mahali pa kulala na posho ya kila siku, naye atafanya kazi ya kukaa, kuchambua pamba. Hiyo ndiyo fidia yake. Bwana Pukupuku akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyebebeshwa mzigo lakini hana kinyongo.

Nilipiga kelele. Nilisema mtoto huyu ana mama, ana mjomba, ana ukoo mzima mlimani, mnampeleka wapi? Walinitoa nje kwa kunikokota. Furaha walimpandisha kwenye mkokoteni wa pamba uliokuwa unarudi tupu. Hakupiga kelele yeye. Alikuwa anamtafuta baba yake kwa macho, na baba yake alikuwa amelala kifudifudi kwenye kivuli cha ukuta, hawezi kuinua kichwa.

Ahmadi tulimpandisha Kinole akiwa ameshikiliwa kwapa huku na huku. Mgongo ulipona vibaya. Mzigo haubebi tena, hata mkungu mmoja. Stambuli alikwenda bomani tena na tena, mpaka wakamwambia akirudi watamfunga mnyororo. Kanzu ya Idi hajaivaa tangu hapo.

Mimi nilishuka bondeni mvua za vuli zilipokatika. Mnyapara akaniuliza mimi ni nani wake. Nikamwambia ni mama yake mzazi. Akasema kwa mujibu wa boma huyu hana mtu, lakini niingie upesi, bwana hayupo.

Nilimkuta bandani, mbele ya lundo la pamba, vidole vimechanika. Amekonda. Akanishika miguu, akanipa shikamoo, akaniuliza hali ya baba yake, nikamwambia hajambo. Uongo. Halafu akasema, "Mama, nitazame." Akachukua fimbo yake, akainuka, akatembea. Alitoka bandani, akafuata njia katikati ya pamba mpaka kisimani, akarudi, hakuyumba hata mara moja. Ardhi ile ni ya mpunga, imenyooka, bibi yangu alikuwa akiisifu mpaka tunachoka.

"Umeona?" akasema. "Huku natembea."

Nikamwambia mjomba wake hajakata tamaa. Nikamwambia tutamtoa, hata kwa kuiba, watu wa Kinole wataleta machela, tutambeba mpaka nyumbani.

Akacheka kidogo, si kile kicheko cha migombani, kingine. Akautazama mlima wetu, wingu limekaa juu yake.

"Mkishanifikisha," akasema, "nitakaa wapi, mama? Mlangoni?"

Mnyapara akaita kwamba bwana anarudi, Furaha akakaa chini akavuta lundo lake, nami nikatoka kwa kupitia mtoni.